Siku Niliyofuta Maua ya Bi Zuhura

Ukitaka kuniona nimekunja uso, njoo uniulize: "Mama Neema, ipi bora, Windows au Linux?" Vijana wanaosomea ufundi huku kwetu Segerea wananiuliza hivyo kila wakinikuta nimekaa barazani, na kila mmoja anadhani swali amelianzisha yeye. Mie huwajibu kwa swali: "Kwa kazi gani?" Wanacheka, wanadhani bibi kachoka. Sijachoka. Nimetengeneza kompyuta miaka ishirini na sita, mingi kati ya hiyo pale Mwananyamala, kwenye kichumba cha meza mbili na feni moja. Swali hilo la kazi gani nililisahau siku moja tu, nikakaribia kumrudisha mwanamke wa watu kwenye kukaanga vitumbua barabarani. Nitafika huko. Kwanza tuelewane kuhusu kitu chenyewe.

Kompyuta bila mfumo endeshi ni bati na nyaya. Nilikuwa nawaambia wateja wangu wafikirie nyumba ya kupanga, hizi zetu za vyumba sita, korido katikati, bomba moja uani na choo kimoja. Huyu anafua, yule anawasha jiko la mkaa, mwingine ana redio. Asipokuwepo mama mwenye nyumba wa kusema nani achote maji sasa na nani asubiri, nani analala chumba kipi na asiingie cha mwenzake, mtakuwa mmeshikana mashati kabla ya saa nne asubuhi. Programu zako ndizo wapangaji. Mfumo endeshi ndiye mama mwenye nyumba. Unagawa kumbukumbu, unapanga foleni ya kazi, unatunza mafaili, na unajua lugha ya printa, ya kibodi, ya kila kifaa kilichochomekwa. Ukiona printa imegoma, usikimbilie kuipiga makofi. Mara nyingi haijaharibika, ni mama mwenye nyumba tu hajaelewana nayo.

Sikuzaliwa nayajua haya. Aliyenifundisha ni Mzee Kapinga, mtu wa Songea, fundi wa ofisi moja ya Kinondoni nilikoajiriwa kupiga chapa. Mashine nilizozikuta hazikuwa na picha wala kipanya. Ilikuwa skrini nyeusi tupu na kimstari kimoja kinapepesa kwenye kona. Siku ya kwanza nilikaa mbele yake karibu nusu saa. Nikaona labda vumbi, nikatoa leso nikapangusa kioo vizuri kabisa. Mzee Kapinga akapita, akaniuliza nafanya nini.

"Nasubiri ifunguke, mzee."

"Imefunguka zamani, mwanangu. Inakusubiri wewe."

Mfumo wa namna ile ulikuwa wa amri. Unaandika neno, unabonyeza kitufe, kazi inafanyika. Ukikosea herufi moja inakukatalia bila hata kukwambia pole. Baadaye ikaja mifumo ya madirisha na picha, unaonyesha kwa kipanya, na watu waliokuwa wanaogopa kompyuta wakaacha kuogopa. Mimi nilishukuru sana. Lakini nawaona nyie mkiicheka skrini nyeusi, nami nawaambia msiicheke. Siku kompyuta itakapougua hadi picha zote zigome, mtaangukia hukohuko. Jifunzeni amri kumi, zitawatosha maisha yote.

Ofisi ile baadaye ikaleta seva, mashine moja kubwa kwenye kona, na meza zote kumi na mbili zikawa zinachota mafaili kwake. Mfumo endeshi wa seva haujali urembo. Kazi yake ni kuhudumia watu wengi kwa wakati mmoja, kujua nani anaruhusiwa kufungua nini, na kukaa macho miezi bila kuzimwa. Basi bwana mmoja wa masijala akaona soketi ya kona ile ndiyo nzuri. Akachomoa seva, akachomeka birika la chai. Vichwa kumi na moja vikainuka kwa pamoja, cha kumi na mbili kilikuwa kinatafuta sukari. Mzee Kapinga hakumgombeza. Aliandika karatasi akaibandika ukutani: MASHINE HII INAHUDUMIA WATU KUMI NA WAWILI. BIRIKA LINAHUDUMIA MMOJA. Yule bwana hakuigusa tena kona ile hadi anahama.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba kila mfumo umetengenezwa kwa kazi yake. Huo wa simu yako, Android, umefundwa kubana betri na kusikiliza kidole, ndiyo maana unailaza programu usiyoitazama. Mita ya umeme ukutani kwako ina mfumo mdogo ndani, unajua kazi moja tu na hauombi kusasishwa kila wiki. Mashine ya kumtazama mgonjwa mahututi ina mfumo wa namna nyingine kabisa, ule unaopaswa kujibu papo hapo, sekunde ileile, kwa sababu jibu likichelewa si jibu tena. Haya yote nilikuwa nayajua. Ningeweza kuwaeleza nimefumba macho. Ndiyo maana habari ya Bi Zuhura inaniuma mpaka leo.

Bi Zuhura alikuwa na kibanda cha kudarizi Mbagala, mita chache kutoka sokoni. Mtu wa Lindi, mpole, mkavu wa maneno. Alianza na kukaanga vitumbua asubuhi na kushona kwa mkono mchana, mpaka akapata mashine ya kudarizi ya mtumba, ile inayochora kwa sindano yenyewe ikiongozwa na kompyuta. Miaka tisa alikuwa anachora. Beji za shule, shingo za kanzu, majina ya maharusi kwenye mashuka, misalaba ya sare za kwaya. Kila mchoro anauunda mwenyewe kwenye kompyuta, mshono kwa mshono, mwingine unamla siku mbili. Michoro mia tatu na ushee. Mteja akirudi na kusema "kama ile ya mwaka juzi", anabonyeza tu, sindano inaanza. Michoro ile ndiyo iliyokuwa duka lake. Ukiiondoa, kinachobaki ni mashine na uzi, na mashine na uzi kila mtu anavyo.

Akanipigia simu kwamba kompyuta inajivuta. Nikaenda asubuhi na mapema. Nikaikuta kompyuta ya mezani ya zamani, na Windows ya zamani ambayo sikuwa nimeiona miaka mingi. Nikacheka. Nataka mjue kwamba nilicheka.

"Bi Zuhura, hii ni ya enzi za mababu. Ngoja nikupigie mpya."

"Itafanya kazi vilevile?"

"Vizuri zaidi."

Mnajua desturi yetu mafundi wa mjini. Mteja akija na kompyuta nzito, tunapiga Windows, yaani tunafuta yote na kuiweka upya. Ina virusi, tunapiga Windows. Haitoi sauti, tunapiga Windows, kumbe spika imezimwa. Ni panadoli yetu. Na tunajiona waangalifu, kwa sababu kabla ya kufuta tunanakili vitu vya mteja, yaani kilichopo juu ya skrini na kilichopo kwenye folda ya nyaraka. Nami nikafanya hivyo. Nikanakili picha za harusi, na nyimbo za taarabu zaidi ya mia. Kisha nikafuta diski yote, nikaweka mfumo mpya. Ukawaka, unang'aa, hata mandhari ya maua nikamwekea.

Bi Zuhura akakaa kwenye kiti chake, akaitazama skrini, akauliza kwa upole programu yake ya kudarizi iko wapi.

Nikatafuta. Nikamwambia nitaiweka upya, si tatizo. Akanipa CD yake, alikuwa anaihifadhi kwenye kopo la biskuti pamoja na mikasi na vibobini vya uzi. Nikaiweka. Mfumo mpya ukaikataa. Nikailazimisha, ikafunguka nusunusu. Nikachomeka waya mnene wa mashine, ule wa zamani wenye matundu tisa, na mfumo mpya haukuutambua kabisa, kwa sababu draiva yake, kile kiprogramu cha kuufundisha mfumo lugha ya kifaa, kiliandikwa kwa mifumo ya zamani tu na hakuna aliyekiandika upya. Nikaanza kutoka jasho. Ndipo akauliza lile swali.

"Na michoro yangu?"

Programu ile haikuwa inahifadhi michoro kwenye folda ya nyaraka. Ilikuwa na folda yake yenyewe, ndani kabisa ya diski, mahali ambapo fundi mwenye haraka hapaangalii. Sikupaangalia. Nilikuwa nimeifuta yote kwa mkono wangu, huku nikimsimulia habari za mjukuu wangu.

Hakupiga kelele. Ningefurahi kama angepiga. Aliniambia, "Mama Neema, mie sikulaumu kwa kutojua. Ila ungeniuliza." Kisha simu yake ikalia. Ilikuwa mwalimu wa chekechea moja ya jirani, ana mahafali baada ya siku tisa, majoho arobaini yanasubiri beji. Bi Zuhura akamjibu, "Yapo, mwalimu, yanakuja," akiwa ananitazama mimi usoni. Sijawahi kujisikia vibaya hivyo katika kazi.

Nikatoka nje nikampigia Mzee Kapinga. Alikuwa amestaafu, anaishi hukohuko Mbagala.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeharibu nini?"

Nikamweleza. Akaniuliza kompyuta iko katika hali gani. Nikasema inawaka, natafuta draiva mtandaoni.

"Chomoa. Usiizime kistaarabu, chomoa waya ukutani sasa hivi. Halafu usiiguse mpaka nije."

Hapa sikilizeni vizuri, kwa sababu siku moja itawaokoa. Ukifuta diski, mara nyingi hufuti vilivyomo. Unachofuta ni orodha. Ni sawa na kung'oa namba zote za milango ya ile nyumba ya kupanga. Wapangaji bado wamo ndani, ila hakuna anayejua nani yuko wapi. Hatari inakuja unapoleta wapangaji wapya, kwa maana ya mfumo mpya, programu, hata ukurasa wa mtandao unaoufungua. Kila kipya kinapewa chumba, na wa zamani anatupwa nje moja kwa moja. Mimi nilikuwa nimeshaingiza mfumo mzima na bado naendelea kuingiza wageni.

Mzee Kapinga akafika na shati lake la mikono mifupi, flashi imo mfukoni mahali ambapo wazee wenzake huweka kalamu. Tukaichomoa diski, tukaiunganisha na laptopu yangu kwa kiwaya. Akachomeka flashi, akaiwasha laptopu kupitia hiyo. Ilikuwa Linux, nzima, inaishi kwenye flashi. Miaka yote nilikuwa nawaambia watu Linux ni ya maprofesa.

"Kwa nini tusitumie Windows iliyomo humu kwenye laptopu?" nikauliza.

"Kwa sababu yenyewe ni kama mgeni mchangamfu, ikiona diski inaingia na kuanza kupanga vitu. Huu nimeuambia usome tu, usiandike hata nukta. Windows ni nzuri kwa kazi yake. Leo tuna kazi nyingine."

Basi, hilo ndilo jibu la swali lenu la barazani, na halikutoka kwangu.

Ilibidi programu ya kuokoa ijue inatafuta nini, kwa kuwa michoro ya darizi si kama picha, haifahamiki na kila mtu. Kwenye ile CD ya kopo la biskuti kulikuwa na waridi moja la mfano. Mzee akaipa programu faili la waridi lile ilitazame, kama unavyompa mtu kiatu kimoja akutafutie cha pili. Saa nne asubuhi ikaanza kupekua diski kipande kwa kipande. Bi Zuhura akatupikia chai. Alituletea na mihogo. Yangu nikamsogezea Mzee.

Adhuhuri, faili kumi na nne. Mzee akaenda kuswali pamoja na majirani, akarudi, sitini. Bi Zuhura alikuwa ameacha kukaa, anakunja na kukunjua joho lilelile la mtoto. Kufika alasiri programu ikasimama. Mia tatu arobaini na moja. Nikahesabu tena, kisha nikalia mbele ya watu wazima, na Bi Zuhura akanipa kanga nijifute.

Diski ile hatukuiandika kitu. Tulitafuta nyingine, na Mzee akaleta CD zake za Windows ya zamani, ileile niliyoicheka, tukaiweka kwenye kompyuta ya Bi Zuhura. Ile programu ikafunguka bila ubishi. Waya wa matundu tisa ukatambulika. Tatizo la mwendo wa kujivuta lilikuwa vumbi kwenye feni na kumbukumbu ndogo, nilivitibu kwa brashi na kipande kimoja cha kuongeza. Hayo ndiyo yalikuwa matengenezo aliyoyahitaji tangu mwanzo. Na kompyuta ile tukaamua isiguse mtandao maisha yake yote, maana mfumo wa zamani hauna kinga dhidi ya maradhi ya leo. Kwa kazi moja, ndani ya kibanda, unatosha kabisa.

Nimebakisha kitu kimoja ambacho vitabu vyenu huenda havikisemi. Faili zikiokolewa namna ile hurudi bila majina. Zilikuwa namba tu, moja hadi mia tatu arobaini na moja. Beji ya chekechea ilikuwa humo mahali fulani, nani ajue wapi. Mashine ilikuwa imefika mwisho wa uwezo wake, na mimi pia. Bi Zuhura akavuta kiti.

"Fungua ya kwanza," akasema. "Wewe andika."

Nikafungua, yeye akataja. Hii ya kanzu ya Shehe wa mtaa wa pili. Hii kwaya ya vijana, walitaka bluu wakabadilisha. Hii shuka la Salma, ndoa haikudumu lakini shuka analo. Hakusita hata mara moja. Baada ya nusu saa nilikuwa nimesahau aibu yangu, nasikiliza tu. Mbagala nzima ilikuwa inapita mbele yangu, nani alioa, nani alihitimu, nani alizikwa na sanda iliyotiwa jina pembeni kwa ombi la mama yake. Tukafanya siku ile na kesho yake. Namba sabini na tisa ikawa beji ya chekechea. Akaipeleka kwenye sindano palepale, mlio wake ukaanza.

Michoro michache haikurudi, wapangaji wangu wapya walikuwa wamekalia vyumba vyake. Aliichora upya kwa kutazama nguo alizowashonea watu, akazifuata majumbani. Mimi nilimsindikiza, ilikuwa haki yangu kutembea. Toka siku hiyo sikuwahi kuipiga Windows diski ya mteja. Naichomoa ya zamani nzima, naiweka kwenye bahasha yenye jina lake, naweka mfumo kwenye diski nyingine, na bahasha inakaa mwezi. Kabla ya hapo nakaa naye, namwambia anionyeshe kazi yake anavyoifanya tangu anawasha hadi anazima. Inachukua saa nzima. Wenzangu walinicheka kwamba napoteza muda.

Siku ile ya pili ya kutaja majina, karibu na mwisho wa orodha, namba mia tatu na kitu, lilifunguka ua moja kubwa la shingo ya kanzu, limepinda upande, mishono imebanana kulia na kuachana kushoto. Bi Zuhura akainamia skrini. Halikuwa kwenye kompyuta yake nilipoikuta. Programu ya kuokoa hurudisha hata vilivyofutwa miaka ya nyuma na mwenye mali.

"Hata huyu mmemrudisha?" akasema.

Nikamuuliza ni la nani. Akaniambia ndiyo kazi yake ya kwanza kabisa kwenye mashine. Alimtengenezea mume wake kanzu ya Idi, mume akaivaa, na kabla Idi nyingine haijafika akaondoka na mwanamke wa pili, na kanzu akaenda nayo. Siku aliyosikia wamefunga ndoa alilifuta lile ua.

Nikaweka kidole kwenye kitufe. "Nilifute tena?"

Bi Zuhura akavuta kiti karibu, akaanza kuipanua ile mishono ya kulia, mmoja mmoja, taratibu.

"Liache," akasema. "Mie ndo nilikuwa najifunza. Ua halina kosa."

Ijumaa iliyofuata nilipita kumsalimia. Kanzu tatu zilikuwa zimetundikwa mlangoni, zina ua lile, limenyooka, na mteja wa nne alikuwa anapimwa mabega.